Kigoda Kilichopokelewa kwa Niaba ya Wenyewe

Anayewajibika kwa kigoda cha utemi cha ukoo wa Bibi Matika kutofika nyumbani kwa Bibi Matika ni Katibu wa Kamati ya Mapokezi. Si Kanali Lachlan, kama wanavyodai watu ambao hawakuwepo. Si dereva Ramadhani. Wala si gari, ingawa maelezo ya Kamati yanalitaja gari. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu katika utumishi wangu nilisoma taarifa nyingi zilizomtaja mhusika katika aya ya mwisho, msomaji akiwa amekwisha kusinzia.

Ninyi wenzangu wa barazani hapa Makole, Dodoma, mmeniuliza mara kwa mara nini kilitokea, nami nimekuwa nikijibu kwa mkato kwa sababu ya hasira. Sasa nimetulia kiasi cha kuandika.

Kanali Lachlan ni Mskoti aliyevuka umri wa miaka themanini, afisa mstaafu wa jeshi na chifu wa ukoo wake huko kwao milimani. Babu yake, ambaye naye alikuwa chifu na mwanajeshi, alikuja huku Waingereza walipopigana na Wajerumani, kisha akabaki kama mtawala wa sehemu hizi za kati. Alipoondoka, aliondoka na kigoda cha mtemi mmoja wa Kigogo. Kigoda hicho kilikaa kando ya meko ya nyumba ya Waskoti hao, na wageni wakawa wanaweka miguu juu yake. Kanali aliamua kukirudisha kwa mkono wake mwenyewe kabla hajafa. Mimi niliombwa kuwa mkalimani, kazi niliyoikubali bila malipo.

Makole hadi Nkuhungu

Tulipanga kuondoka alfajiri. Chibago, mtoto wa kiume wa Bibi Matika, alikuwa amepiga simu kutoka kijijini Chinyika kutupa masharti mawili. La kwanza, pombe ya mtama ya kuombea mvua ilikuwa imeiva, na kwa desturi yao hainyweki wala haimwagwi kaburini kwa mtemi pasipo kigoda kuwepo. Ilitakiwa tufike siku hiyo hiyo au kesho yake, kabla haijachacha. La pili, kigoda kisiguse ardhi mahali popote mpaka kifike kwao, maana kitu cha mtemi kikiwekwa chini ugenini kinahesabika kuwa kimepata makazi huko.

Nilimfasiria Kanali. Hakuuliza sababu. Alisema tu, "Basi nitakipakata," na ndivyo alivyofanya tangu mlangoni kwangu.

Tulifika Nkuhungu, Katibu wa Kamati iliyoundwa na serikali kumpokea Kanali akapiga simu. Alitutaka tusimame hapo hapo kusubiri gari la Kamati litakalotutangulia, kwa kuwa mgeni wa hadhi ya chifu haendi peke yake kama muuza vitunguu. Nilimweleza kwamba mgeni mwenyewe hataki msafara. Akanijibu, "Mzee wangu, msafara si wa mgeni, ni wa itifaki."

Tulisubiri kwenye banda la mama mmoja muuza chai na chapati. Alipomwona Kanali alisema, "Shikamoo babu," na Kanali akaitikia "Marahaba" sawasawa, maana nilikuwa nimemfundisha. Mama yule akafurahi, akamwongezea chapati. Kisha akataka kumpokea kigoda akiweke chini ili mzee ale kwa nafasi.

"Hicho hakikai chini, mama," Ramadhani akamwahi.

"Kwa nini, kina mimba?"

"Ni cha mtemi."

"Sasa mtemi ndiyo huyu Mzungu?"

"Huyu ni chifu wa kwao. Anakirudisha cha wenyewe."

Mama alikitazama kigoda, miguu yake mitatu na kiti chake kilichong'aa kwa kukaliwa, akaacha utani. Alimletea Kanali maji ya kunawa pale pale alipoketi, akamshikia beseni. Gari la Kamati lilifika jua likiwa limekwisha kuwa kali. Dereva wake alikuwa amepita kwanza kumchukua mpiga picha.

Barabara ya kaskazini

Njia ile ni lami safi siku hizi, na gari la Kamati lilikwenda mbele yetu kwa mwendo wa harusi. Hivyo tulipata muda wa kutosha wa mazungumzo. Ramadhani ni Mrangi wa Kondoa, mtu mzima mwenye wajukuu, na hajui kuacha swali likamlala moyoni.

"Mzee, niulizie. Kama yeye ni chifu, ana ng'ombe wangapi?"

Kanali alijibu kwamba hana hata mmoja. Alikuwa na mbwa, naye amekufa.

"Ardhi je?"

Akaeleza. Baba yake aliuawa vitani yeye akiwa bado mtoto wa kubebwa, kwa hiyo alirithi uchifu kabla ya kujua kutembea vizuri. Alipofikisha umri wa kusimama mbele ya watu, wazee wa ukoo walimpandisha juu ya jiwe wakamtajia majina ya waliomtangulia, naye akalia kwa sababu jiwe lilikuwa na maji ya mvua na viatu vilikuwa vipya. Aliingia jeshini akiwa kijana, kwa kuwa kila chifu kabla yake aliingia jeshini, na akatumikia katika nchi za jangwa, kisha katika miji ambako watu walimrushia mawe kutoka madirishani. Alipostaafu alikuta paa la nyumba ya mababu limeoza. Aliiuza, na sasa ni hoteli. Yeye anaishi katika kijumba cha mlinzi wa geti, na mara moja kwa mwaka hoteli humwalika avae mavazi ya ukoo na kuwasalimu wageni.

"Na watu wake?" Ramadhani akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Wako Kanada," Kanali alisema. "Babu wa babu yangu aliwaondoa mashambani ili afuge kondoo. Wajukuu wao huniandikia wakitaka kujua makaburi yalipo. Wananiita chifu kwa heshima kubwa. Sijui kwa nini."

Ramadhani akasema, "Mwambie pole." Nilimwambia. Kanali akajibu kwamba pole hiyo angeipokea angekuwa yeye ndiye aliyefukuzwa.

Chemba

Chemba tulipaswa kupita tu. Lakini msafara ulisimama kwa ajili ya kusaini kitabu cha wageni, na aliyekuwa na ufunguo wa kabati la kitabu alikuwa ameenda msibani. Katika utumishi wangu nimesaini vitabu hivyo kila ngazi, wala sipingi desturi ya mgeni kujitambulisha. Ninachopinga ni mgeni kuwekwa njiani ili kitabu kijazwe.

Tulikula karibu na mnada wa mifugo: mbuzi wa kuchoma, ugali wa uwele na mlenda. Kanali aliula mlenda bila kukunja uso, jambo ambalo wageni wengi kutoka Dar es Salaam hawaliwezi. Alisema kwao nao hula uji mzito wa nafaka ambayo majirani zao huwapa farasi, na majirani huwacheka, na farasi hao ni wazuri mno. Ramadhani alicheka mpaka akapaliwa. Tulipokezana kigoda, kila mmoja akikipakata mwenzake akinawa.

Hapo Kanali aliomba mahali pa kubadilisha nguo, akatoka amevaa vazi la ukoo wake, ile sketi ya sufu yenye mistari. Alisema hawezi kumfikia mwenye mali akiwa amevaa kama mtalii. Wafanyabiashara wa ng'ombe walimkusanyikia. Mmoja alisema, "Huo ni msuli, tena wa sufu, kwa jua hili! Mzee ana kiapo." Mwingine alikipapasa kitambaa akauliza kinauzwaje. Kanali alisimama akashikwashikwa kwa utulivu, kigoda mkononi.

Chibago alipiga simu. "Baba, mko wapi? Watu wamekwisha kufika, wengine wametembea kutoka mbali." Nilimwambia tuko Chemba. Hakunilaumu. Alisema tu, "Bibi ameketi nje tangu asubuhi."

Mji ambao siutaji

Baada ya Chemba tuliacha lami. Jina la mji tuliofikia silitaji, kwa kuwa wako pale watumishi waadilifu ambao hawakuhusika. Tulipaswa kupita. Tulikuta hema, viti vya plastiki, kwaya, ngoma, vipaza sauti na meza kuu yenye maua ya bandia.

Nilishuka nikamfuata Katibu. Nilimwambia kwa maneno yaliyo wazi kwamba kigoda kina mwenyewe, mwenyewe yuko hai, anasubiri, na sharti lake ni kisiguse ardhi.

"Mzee wangu," alisema, akiwa amenishika bega, "hatukinyang'anyi. Tunakipokea kwa niaba. Wananchi wote ni wenye mali. Na huyo bibi si mwananchi?"

"Kwa niaba hupokelewa cha mtu asiyeweza kufika. Huyu hakuambiwa afike."

"Kwa heshima zote, wewe umeshastaafu."

Tulitenganishwa mimi na Kanali. Yeye alipelekwa meza kuu, mimi nikakalishwa safu ya tatu miongoni mwa wazee waalikwa, na kazi ya ukalimani akaichukua Katibu mwenyewe. Ilitolewa hotuba. Ikatolewa nyingine. Kisha Katibu akatangaza kwamba sasa mgeni wetu chifu atakabidhi kigoda, na kiongozi wa meza kuu atakipokea kwa niaba ya wananchi. Nilinyanyuka. Kijana wa ulinzi akaniomba niketi, wapiga picha wasizibwe.

Nilimwona Kanali akiuliza jambo. Baadaye aliniambia aliuliza, "Huyu ndiye mkuu wa ile familia?" Katibu akamjibu kwamba huyu anawawakilisha wote, familia ikiwa ndani yake. Kanali ni mwanajeshi. Maisha yake yote amri ilipita kwa ngazi, na mkubwa alipopokea, wa chini alihesabiwa kuwa amepokea. Akakitoa kwa mikono miwili. Kwaya ikaimba. Kigoda kikawekwa mezani katikati ya maua ya bandia, na Kanali akapewa cheti chenye fremu.

Nilipomfikia na kumweleza, uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alirudi mezani akanyoosha mikono. Katibu alicheka kwa adabu, akasema kitafuata kesho na gari la Kamati, pamoja na barua ya utambulisho.

Chinyika

Tulifika Chinyika jua likiinama. Ua wa Bibi Matika ulikuwa umejaa watu waliokaa wakitusubiri. Mitungi ya pombe ilikuwa imepangwa kando ya ukuta, na mbuzi mweusi, mweusi kama wingu linalotakiwa, amefungwa kwenye nguzo. Katikati ya ua ilitandikwa ngozi ya ng'ombe iliyo mpya, tupu, kwa ajili ya kigoda.

"Mbukwenyi," Kanali aliwasalimu kwa Kigogo. Waliitikia wote, na baadhi ya wanawake wakaanza vigelegele, kisha vigelegele vikakatika vyenyewe walipoona mikono yake mitupu.

Bibi Matika ni mjukuu wa mtemi aliyenyang'anywa kigoda. Ni mwembamba, macho yameingia ukungu, na Kiswahili chake ni cha kujifunzia ukubwani, lakini hana neno la ziada. Chibago alimnong'oneza. Akasema Mzungu asogezwe karibu. Aligusa mikono yake, akaifuata mpaka viganjani.

"Kiko wapi?"

Kanali alisema yeye mwenyewe, wala hakunituma nimpambie maneno: amekitoa mjini kwa mtu asiyestahili, kwa kudhani anastahili.

Bibi akasema, "Babu yako alikichukua hakutuuliza. Wewe umekitoa hukutuuliza. Ninyi nyumba yenu mna nini?"

Mzee mmoja alicheka, akajizuia. Mimi nilifasiri neno kwa neno, kwa kuwa mkalimani hana ruhusa ya kupunguza. Kanali aliinamisha kichwa. "Mwambie hilo ni swali sahihi. Mwambie kesho nitakifuata."

"Kimewekwa chini?" Bibi akaniuliza mimi.

Nilisema nilikiacha mezani.

"Meza siyo chini," alisema, na nadhani alisema hivyo kwa kutuhurumia. "Mpeni chakula. Ametoka mbali huyu."

Tulikula ugali na maziwa ya mgando. Pombe haikuguswa. Watu waliotoka mbali walilala pale pale uani, kwa hesabu kwamba bado iko kesho.

Kurudi mjini

Asubuhi tulirudi, Chibago akiwa pamoja nasi. Gari la Kamati tulilokuwa tumeahidiwa hatukupishana nalo popote. Tuliingia ofisini kwa Katibu. Mezani hapakuwa na kigoda. Chibago ndiye aliyekiona: kilikuwa sakafuni, kwenye kona ya mapokezi, na juu yake imewekwa mashine ndogo ya maji ya kunywa, ile ya dumu lililopinduliwa. Mtu alikuwa akijaza kikombe. Maji yaliyodondoka yalikuwa yamelowesha kiti.

"Hapa si mahali pake, dada," nilimwambia mhudumu.

"Shikamoo baba. Mbona kilikuwa hakina kazi? Na mashine ilikuwa inatuinamisha."

Simlaumu dada huyu. Hakuna aliyemwambia ni nini.

Katibu alitukaribisha kwa tabasamu. Nilidai kigoda. Akasema kitu kikishapokelewa hadharani ni mali ya umma, na mali ya umma haitoki bila kikao. Niliuliza kikao ni lini. Akasema mwenyekiti yuko safarini. Niliuliza atarudi lini. Akasema hilo ni la mwenyekiti.

"Kaka," Chibago alisema, "kule kuna watu na pombe. Leo ndiyo mwisho."

"Ndugu yangu, mambo ya pombe siwezi kuyapeleka kwenye kikao cha serikali."

Kanali alikuwa ameletewa kiti. Hakukaa. Alikwenda akasimama mbele ya ile mashine, miguu pamoja, mikono ubavuni, kama alivyofundishwa akiwa kijana. Katibu alimbembeleza. Nilifasiri jibu lake: "Sikai wakati maji yako juu ya kiti cha mtemi." Watu walioingia kuleta shida zao walimkuta mzee wa miaka themanini na zaidi amesimama wima ndani ya vazi la sufu, jasho likimtiririka shingoni, na kila mmoja aliuliza kuna nini. Ramadhani aliwaeleza wote, mmoja mmoja, kwa sauti isiyokuwa ndogo. Mama mmoja aliyefuata cheti cha kuzaliwa alimgeukia Katibu akasema, "Baba, huna bibi wewe?"

Adhuhuri ilikaribia, Kanali bado amesimama. Yule dada wa mapokezi hakumsubiri mtu. Alinyanyuka akakumbatia mashine, akaishusha sakafuni, akakifuta kigoda kwa khanga yake. Kanali akainama kukichukua, na Katibu akawahi kukishika upande wa pili. Kanali angeweza kuvuta. Chibago ndiye aliyesema, "Mwachie, baba. Tusikivunje." Kigoda kikafungiwa stoo. Niliomba kwa maandishi uthibitisho kwamba kimo humo. Sikupewa.

Chinyika tena, na kurudi

Chibago alimweleza mama yake kila kitu, pamoja na maji. Bibi Matika alisikiliza mpaka mwisho. Alisema sasa kimelala chini ugenini, kwa hiyo hakiwezi kufika na kupokelewa hivi hivi. Itabidi kitakaswe kwa mbuzi mwingine na pombe nyingine, na mtama wa pombe nyingine unatoka kwenye mbegu. Kisha akawaambia wanawake wamwage. Walimwaga nje ya ua, mtungi baada ya mtungi, na waliotoka mbali wakafunga mizigo yao.

Kanali aliomba kubaki mpaka kikao kitakapofanyika. Bibi alikataa. "Wewe nenda. Umekwisha kusema kosa lako mbele ya watu. Aliyebaki kusema lake ni wa kwetu." Walipoagana alimpa kibuyu kidogo cha asali ya mwituni, naye akakibeba magotini hadi Dodoma, ingawa hicho hakikuwa na sharti lolote.

Njiani Ramadhani hakuuliza kitu. Kanali alizungumza mara moja tu, tulipoanza kuiona mizabibu ya pembezoni mwa jiji. Alisema amewahi kuamuru watu mia kadhaa na ameitwa chifu maisha yake yote, lakini hajawahi kukaripiwa na mtu aliyekuwa na haki kamili ya kumkaripia. Aliondoka nchini akiwa na nia ya kurudi. Kwa umri wake, mimi na ninyi tunajua thamani ya nia hiyo.

Tangu hapo nimekwenda mjini kule mara kadhaa. Nimeambiwa kikao hakijatimiza idadi, kisha mwenyekiti amehamishwa, kisha gari liliharibika siku ile ile kigoda kilipokuwa kikipelekwa, jambo ambalo si kweli, kwa maana hakikutoka stoo. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa kaskazini. Bibi Matika ametenga mtama wa pombe nyingine katika akiba ya mbegu zake, na mwaka huu atapanda pungufu.

Kwa hiyo, mbele yenu na mbele ya yeyote atakayesomewa maelezo haya, ninadai rasmi yafuatayo. Katibu wa Kamati ya Mapokezi aeleze hadharani, chini ya hema lile lile na kwa vipaza sauti vile vile, ni nani aliyempa uwezo wa kupokea kwa niaba ya mtu ambaye hakumwuliza. Alipe mbuzi mweusi na mtama wa pombe kutoka mfukoni mwake, si kutoka fungu la ofisi. Na kigoda akitoe stoo, akipeleke Chinyika bila msafara wala mpiga picha, akikabidhi kwa mikono miwili kwa Bibi Matika mwenyewe, angali hai.